Pikipiki Inaanzia Kwenye Siti

Kuna pikipiki moja ninayoiona mtandaoni kila siku, na kila siku ina mwenyewe mwingine. Siti bapa ya leza ya kahawia yenye mishono ya miraba. Eksozi imezungushiwa kitambaa kama mguu uliovunjika. Tairi nene zenye nakshi za kizamani. Madigadi ya nyuma imekatwa, indiketa zimebaki punje, boksi la hewa limetupwa na badala yake kuna kichujio kidogo cha duara kinachoning'inia wazi nyuma ya kabureta. Mwenyewe ameandika kwamba amejenga kitu cha pekee, ambacho hakuna mwingine anacho. Ndugu yangu, jana nimekiona kwa Mturuki, juzi kwa Mwindonesia, na wiki iliyopita kijana wa Nairobi alikuwa anakiuza.

Sina ugomvi na mtu kupenda anachopenda; kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa kazi. Pikipiki ile imeanzia kwenye picha. Aliyeijenga alishajua itaonekanaje ikiwa imesimama ubavu mbele ya ukuta wa matofali, kabla hajajua nani ataikalia, atakwenda nayo wapi na atarudi saa ngapi. Siti yenyewe inasema yote: ni ubao uliovishwa leza. Hapa Dar, mtoe mtu Mbezi Mwisho mpaka Posta kwenye foleni ya asubuhi akiwa juu yake, halafu muulize habari za mishono ya miraba.

Mchana kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nabishana na wateja wanaotaka nguzo za Kirumi kwenye nyumba ya vyumba viwili kule Chanika, na mara nyingi wananishinda kwa sababu hela ni yao. Jioni na Jumamosi utanikuta gereji, najichafua na pikipiki yangu na za marafiki. Mimi si fundi wa kulipwa. Ni mpenzi tu, mwenye rula na maneno mengi. Ila kuchora nyumba kumenijengea tabia: siwezi kugusa paa kabla sijajua nani analala chumba gani. Kwenye pikipiki mkazi ana mahali pamoja tu pa kukaa. Kwa hiyo mimi naanzia kwenye siti, na naamini kila pikipiki nzuri iliyowahi kujengwa gereji ilianzia hapo, hata kama mjenzi wake hakuwahi kulisema hilo.

Chukua penseli uweke nukta tatu: makalio yanapokaa, mikono inaposhika, nyayo zinapokanyaga. Hiyo pembetatu ndiyo pikipiki. Shusha nukta ya mikono na kuisogeza mbele, rudisha nyayo nyuma, tayari mgongo umelala na mtu ameanza kukimbia hata injini haijawashwa. Peleka nyayo mbele na mikono juu, mtu anajilaza nyuma, anasafiri bila haraka. Weka mgongo wima, magoti yakunjike kiasi, mikono ishuke yenyewe kutoka mabegani: huyo anakwenda kazini, na anaweza kushinda hapo kutwa. Tangi, taa, rangi na eksozi vinakuja baadaye kuifuata pembetatu. Ukivitanguliza, pembetatu italazimika kuvifuata vyenyewe, na atakayelipa gharama ni kiuno chako.

Angalia hata mitindo inayoigwa. Marekani, kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana walikuwa wanazikata Harley-Davidson na Indian zao. Madigadi ya mbele inatolewa, ya nyuma inafupishwa, kila chuma kisichosaidia mwendo kinabaki sakafuni. Hizo ndizo boba. Vita vilipoisha, jeshi likauza pikipiki zake za ziada kwa bei ya chini, zikiwemo Harley WLA zilizotengenezwa kwa makumi ya maelfu, na wanajeshi waliorudi nyumbani wakazivua kila kitu. Kitu kimoja hawakukivua: siti ya springi. Fremu nyingi za wakati ule hazikuwa na shokapu nyuma, siti ndiyo iliyokuwa shokapu. Leo mtu ananunua siti ya boba yenye springi mbili za kung'aa, anaifunga kwenye fremu ambayo tayari ina shokapu zake, kisha analalamika kwamba kwenye matuta anarushwa mara mbili. Sasa ulitegemea nini?

London ya miaka ya 1950 nayo ilikuwa na sababu zake. Ace Cafe ilifunguliwa 1938 kando ya barabara ya North Circular kwa ajili ya madereva wa malori, na vijana wa pikipiki wakaigeuza kijiwe chao. Walikuwa wanasaka maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Kwa injini za enzi hizo hufiki huko ukiwa umekaa wima na upepo unakusukuma kifuani. Ndiyo maana usukani ukashushwa mpaka kwenye miguu ya shokapu za mbele, vikanyagio vikarudishwa nyuma, na siti ikawekewa nundu mwishoni ili makalio yapate pa kuegemea. Fremu waliyoipapatikia ni ya Norton, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, akina McCandless, ikaingia kwenye mashindano mwaka 1950. Injini waliyoipapatikia ni ya Triumph. Ukaunganisha hiki na kile, ukapata Triton. Norton hawakuiuza, Triumph hawakuiuza. Ilitoka gereji, kwa sababu watu walikuwa na hamu ambayo duka halikuwa na jibu lake.

Ile nundu naipenda kweli, ina kazi. Ila nikiikuta kwenye Boxer ya kijana anayepeleka chakula Masaki nacheka kimoyomoyo. Kwa mwendo wa foleni ile hana pa kuteleza, na mahali ambapo nundu imekaa ndipo boksi la chakula lilitakiwa kukaa. Sasa boksi amelibeba mgongoni.

Chopa, ile pikipiki ndefu yenye gurudumu la mbele lililosukumwa mbali, ndiyo inayonitesa, kwa sababu macho yangu yanaipenda na mikono yangu inaikataa. Tuzungumze hesabu kidogo, usikimbie. Chora mstari unaofuata mhimili wa usukani mpaka ugonge ardhi. Kisha pima kutoka hapo kurudi nyuma hadi tairi la mbele linapogusa lami. Huo umbali ndio unaoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ukiwa kwenye mwendo. Pikipiki nyingi za barabarani mhimili wake umelala nyuzi 24 hadi 28 hivi kutoka wima, na umbali huo unachezea milimita 100. Ulaze mhimili mpaka nyuzi 40 bila kurekebisha kitu kingine, umbali unaongezeka sana. Kwenye barabara iliyonyooka ya California ni raha tupu, unaweza kushika usukani kwa vidole viwili. Ingiza chopa hiyohiyo Kariakoo, kwa mwendo wa mtu anayetembea, katikati ya mikokoteni: gurudumu la mbele linataka kulalia upande, unalivuta, linalalia upande wa pili, na konda wa daladala anakushauri ukapande baiskeli. Ongeza na tairi la nyuma la upana wa milimita 240, ambalo halitaki kulala kwenye kona, utakuwa umejenga kitu cha kwenda mbele tu.

Chopa maarufu kuliko zote ni ile ya tangi la bendera ya Marekani aliyoiendesha Peter Fonda kwenye filamu ya Easy Rider ya 1969. Kwa miaka mingi dunia iliijua sura ya Fonda na rangi za tangi, basi. Walioijenga ni Wamarekani Weusi wawili wa Los Angeles, Cliff Vaughs na Ben Hardy, kwa kutumia Harley zilizokuwa za polisi na kununuliwa mnadani, na majina yao hayakuwekwa kwenye filamu. Ukiona vyaelea vimeundwa, ila waundaji hawakualikwa kwenye sherehe. Mtu akiniambia haya mambo ya kubuni pikipiki ni ya Wazungu, namtajia majina hayo mawili kisha naendelea na soda yangu.

Lakini shule ya ubunifu ninayoiheshimu kuliko zote haina hata ukurasa kwenye majarida ya pikipiki, na iko nje ya geti lako. Simama kwenye kijiwe cha bodaboda, usiangalie stika, angalia vyuma. Pikipiki imetoka kiwandani India au China ikiwa na siti ya watu wawili wa wastani. Kijana ameipeleka kwa fundi kabla hata haijapata vumbi. Keria imeongezwa na kuwekewa chuma cha kuegemea. Mbele vimechomelewa vyuma vipana vya kukinga miguu, na juu yake limefungwa turubai la kuzuia upepo na maji ya madimbwi. Siti imejazwa sponji upya, na ukiangalia kwa makini utaona imeachiwa kituta kidogo nyuma ya dereva, ili breki zikishikwa abiria asije mzimamzima kumsukumia juu ya tangi. Mombasa na Kisumu wanafunga mwavuli mrefu unaofunika dereva na abiria wake. Kwa upepo ni balaa, kwa jua la saa saba mchana ni rehema. Mbeya, asubuhi baridi ikikata vidole, utakuta usukani umevishwa mifuko minene ya mikono. Hakuna aliyewatumia michoro. Kila mkoa umekaa juu ya siti, ukasikia unapoumia, ukachomelea jibu.

Keria ndipo shule hii inapokuwa na hesabu ngumu kuliko Ace Cafe. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli ya nyuma, uzito unagawanywa kwenye magurudumu yote mawili. Ukivuka ekseli kwenda nyuma, kila kilo inaanza kulinyanyua gurudumu la mbele. Wasafirisha mkaa wa Pwani wanalijua hilo kwa viganja. Unawaona wakipanda kilima na magunia nyuma, wamekalia tangi kabisa, kidevu karibu kiguse saa ya mwendo. Watu hudhani ni kwa sababu nafasi imekwisha. Nafasi imekwisha kweli, lakini pia mwili wa dereva ndio uzito pekee uliobaki wa kulishusha gurudumu la mbele ligande kwenye udongo. Nilimuuliza kijana mmoja wa Kisarawe anajuaje pa kuishia kupakia. Akanijibu, "Ukiona hendo inacheka, dada, umezidisha." Yaani usukani umekuwa mwepesi na unayumba. Nimesoma maelezo marefu ya uthabiti wa pikipiki ambayo hayakuniambia zaidi ya hilo.

Viwanda vyenyewe vimejifunza kwa watu wa namna hii. Boxer inakuja na shokapu za nyuma zenye springi ndani ya springi. Honda walipoitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 walirudi makusudi kwenye mtindo wa kizamani wa fito za kusukuma vali, wakaacha ule wa cheni inayopanda mpaka juu ya injini, kwa sababu ilikuwa inakwenda kwenye nchi ambako pikipiki hubeba mzigo siku nzima na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Wachina wakainakili, na nakala hizo ndizo zilizomo ndani ya pikipiki nyingi za bei nafuu tunazozijua huku. Huo nao ni ubunifu, wala hauhitaji ukuta wa matofali.

Halafu kuna abiria. Mjenzi wa mtandaoni kitu cha kwanza anachotupa ni nafasi ya abiria: siti inafupishwa, vikanyagio vya nyuma vinakatwa na grainda, fremu inaishia hewani. Pikipiki ya mtu mmoja. Uswahilini utampa nani lifti? Mama akitaka kwenda hospitali utamwambia asubiri umalize kupiga picha? India sheria inataka gurudumu la nyuma lifunikwe upande na abiria awe na pa kushika na pa kukanyaga, na pikipiki za kule hufungwa kinga ya sari upande wa kushoto, kwa sababu mwanamke aliyevaa sari hukaa upande, miguu yote kushoto kwenye ukingo wa barabara. Sisi nasi tunaendesha kushoto, na wanawake wenye khanga na madera hukaa vilevile. Nimeona vijana wakikifungua kile kichuma siku pikipiki inapotoka dukani, eti kinaharibu sura. Kesho yake amempakia mama mwenye dera pana, pindo linapepea sentimita chache kutoka kwenye spoku. Nikiona hivyo nashindwa hata kupiga kelele.

Sitetei mshikaki hapa, tuelewane. Namtetea abiria mmoja tu.

Yangu mimi ni nakala ya Kichina ya cc 125, niliyoinunua kwa jamaa wa Tandika baada ya kumaliza ujana wake kwenye bodaboda. Marafiki walitaka nisubiri nipate hela ya Royal Enfield. Niliitaka hii kwa kuwa vipuri vyake vinajaa Kariakoo, na kwa kuwa injini yake ipo wazi, unaiona yote, haina cha kuficha chini ya plastiki. Nilivua kila kitu nikabakiza fremu na tangi. Nikaweka kipande cha godoro juu ya fremu, nikakaa, nikafumba macho, nikanyoosha mikono mpaka mabega yakalegea yenyewe. Rafiki akashika rula pale ngumi zilipoishia. Hapo ndipo usukani ulipokwenda. Vikanyagio sikuvigusa, vilikuwa mahali pake.

Baada ya hapo nikautafuta mstari. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu tangi linashuka kuelekea nyuma kisha siti inapanda ghafla, na jicho linakwama katikati. Nilitaka ukingo wa chini wa tangi na ukingo wa chini wa siti viwe mstari mmoja, uliolala sawa na ardhi. Ikabidi tangi liinuliwe nyuma kwa kipande cha mpira na mkia wa fremu uchomelewe upya. Ni sentimita chache mno. Ila ndizo zinazowafanya watu waulize kwenye taa nyekundu hii ni pikipiki gani, na wakiulizwa wamependa nini wanataja rangi.

Siti nilimpelekea mzee mmoja wa Keko, mtu wa makochi. Siti ya pikipiki ya namna ile hakuwahi kuishona, lakini sponji anaijua kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Aliibonyeza kwa kiganja, akaachia, akaangalia inavyorudi. Akakata vipande viwili, kigumu cha chini na laini cha juu, akavibandika kwa gundi iliyotutoa machozi sote wawili. Kisha akachukua kisu kirefu, akakilowesha maji, akaanza kuchonga pembeni, pale mapaja yanaposhukia, maana mimi si mrefu na siti pana ingeninyima ardhi. Akanikalisha, akachonga, akanikalisha tena. "Binti," akasema, "kwenye kochi mtu anakaa apumzike. Hapa anakaa afanye kazi. Usiniambie nikuwekee laini." Juu akavisha leza nyeusi isiyoteleza, mshono mmoja kila upande, na sehemu ya kukalia akaiacha bila mshono hata mmoja, kwa sababu mshono ndipo mvua inapoingilia. Sasa rudi kwenye ile miraba ya kahawia. Yale ni mamia ya matundu ya sindano juu ya sponji. Masika ya Dar yakiipata siti ile, mwenyewe ataingia ofisini amelowa suruali nyuma mpaka Juni.

Eksozi tuliipinda mtaa wa Gerezani. Bomba likipindwa tupu linakunjika kwenye kona na njia inabanwa. Fundi alilijaza mchanga mkavu, aliouanika juani kisha akaukaanga kwenye bati, kwa sababu unyevu ukibaki ndani unageuka mvuke na kizibo kinaweza kumrukia mtu usoni. Akaligonga ubavuni kwa nyundo ndogo mpaka mchanga ukashindilika, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, akalipasha moto wa gesi mpaka likaiva rangi ya chungwa, kisha akalizungusha polepole kwenye kipande cha chuma kilichozamishwa sakafuni. Kona ikatoka ya mviringo, laini. Kijana wake akauliza kama nataka ile bandeji ya kitambaa. Kwa hewa ya chumvi tuliyonayo, kitambaa kile kinakaa na unyevu na kulila bomba taratibu wewe huoni. Nikamwambia ahsante, aibakize kwa wanaoumwa. Boksi la hewa pia liko palepale: ukilitoa, injini inavuta hewa kuliko mafuta, inabidi uanze kubadilisha jeti za kabureta, na vumbi la barabara za mitaani kwetu linapata njia fupi. Faida yake ni kelele. Madigadi ya nyuma nimeiacha ndefu. Mgongo wangu unajua kwa nini.

Kuhusu rangi, kila anayejua kwamba nachora huniuliza kwa nini tangi halina Tingatinga. Swali ni zuri kuliko wanavyodhani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za mafuta za baiskeli juu ya hadibodi. Rangi zile ni za vyombo vya magurudumu tangu mwanzo. Ila mchoro wa Tingatinga umetengenezwa kwa ubao bapa. Mnyama anaujaza wote, na nguvu yake iko hapo. Ukimzungushia twiga kwenye tangi lililobinuka, kichwa kinaishia chini ya usukani na miguu chini ya goti la dereva. Mimi nimechukua rangi nikaacha twiga. Tangi ni buluu moja nzito ya kopo, limepakwa kwa brashi na mchora vibao wa Temeke, na ukilisogelea unaziona njia za brashi. Petroli ikidondoka wakati wa kujaza lazima niifute mbio, la sivyo rangi inalainika. Nimekubali.

Kwenye stika na vioo mimi ni mvumilivu kuliko unavyoweza kudhani. Vijana wa London wa miaka ya 1960, wapenda mitindo walioitwa Mod, walizijaza skuta zao za Vespa na Lambretta saiti mira na taa mpaka mbele hapaonekani, na leo watu wanazitazama kwa heshima. Kijana wa Nairobi akifanya hivyo kwenye Boxer yake anaitwa mshamba. Acheni hizo. Ninachokataa ni zile taa za buluu na nyekundu zinazomweka mbele usiku: anayekuja hajui wewe ni pikipiki, gari la wagonjwa au harusi.

Wa nje ninayemfuatilia kwa moyo mweupe ni Shinya Kimura, Mjapani aliyeanzisha Zero Engineering kisha akahamia California. Anafinyanga bati kwa mkono na alama za nyundo anaziacha zionekane. Za kwake ni chache sana ambazo ningeweza kuziendesha kwenda kazini, na hainisumbui, kwa sababu kila moja unaiona ilivyochongwa kumzunguka mtu aliyeinama juu yake. Nikitaka za kwenda kazini naangalia Wajapani wengine wanavyoichezea Yamaha SR400, silinda moja, ya kupiga kiki, iliyotengenezwa tangu 1978 hadi 2021. Kilichomo kwenye SR kimo pia kwenye zetu: fremu rahisi, injini wazi, vipuri tele. Tunachokosa ni mtu wa kukaa chini na rula.

Za umeme nazo zimeingia. Kigali wapo Ampersand, Nairobi wapo Roam, na dereva anabadilishiwa betri badala ya kujaza mafuta. Hakuna kabureta, hakuna eksozi, nusu ya ubishi wa gereji umefutika. Nyingi bado zina nundu mahali tangi lilipokuwa, na wapo wanaosema ni woga wa wabunifu. Wajaribu kushika breki ghafla waone magoti yanavyotafuta cha kubana. Nundu ile ni sehemu ya siti.

Kwa sasa nabishana na fundi wangu wa Gerezani juu ya pikipiki ya rafiki yetu anayenunua samaki Feri alfajiri na kuwapeleka Mbagala. Anataka boksi kubwa la barafu. Fundi anataka keria irefushwe nyuma, kazi ya asubuhi moja. Mimi nataka swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, uongezwe sentimita 8 ili uzito wa boksi ukae mbele ya ekseli. Fundi anasema cheni itakuwa ndefu na pikipiki itakata kona kwa upana kwenye vichochoro vya sokoni, na kuhusu kona ana haki. Jumamosi tunapima boksi likiwa limejaa barafu. Nimemwambia mwenyewe aje na buti zilezile anazovaa Feri, maana vikanyagio navyo bado hatujaviamua.